Afande Hajala

Mwenye bucha hapa Nalufenya, mjini Jinja, ananijua kwa haraka zangu. Nikiwa bado ng'ambo ya barabara nimeshataja ninachotaka, nalipa, nachukua mfuko na kugeuka kabla hajaanza kumkatia maini mteja mwingine. Wiki iliyopita nilichelewa. Ini zima lilikuwa limetandazwa juu ya gogo, jeusi, linang'aa, na ile harufu yake ya damu baridi ikaniingia puani sijajiandaa. Nikasimama pale pale, watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika. "Nnyabo, bibie, leo nikupimie maini?" mwenye bucha akauliza kwa mshangao, maana miaka yote hiyo hajawahi kuniuzia hata robo. Nikajikuta nasema ndiyo.

Nilipokuwa na miaka minane, tisa hivi, harufu hiyo ilikaa kwenye vidole vyangu kila Jumatatu na kila Alhamisi. Nilikuwa nakata maini kwa wembe, vipande vya ukubwa wa punje ya haragwe, kwa ajili ya chura. Ndiyo, chura. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee.

Chura huyo aliitwa Afande. Alikuwa chura wa majini, wale bapa wasiotoka nje ya maji maisha yao yote, wenye kucha tatu nyeusi kwenye kila mguu wa nyuma na vijicho vinavyotazama juu tu. Mama yangu alikuwa mtumishi wa maabara katika shule moja ya sekondari kule Mbale. Mitihani ikikaribia, vyura waliletwa kwa ndoo ili wanafunzi wawapasue, na kazi ya Mama ilikuwa kuwatunza mpaka siku yao ifike. Mwaka mmoja, kabla sijazaliwa, mwanafunzi mmoja hakutokea, na chura mmoja akabaki. Mwalimu akasema atupwe. Mama akamleta nyumbani. "Kaponea utoro wa mtu," alikuwa akisema, "mimi ni nani nimmalize?" Kwa hiyo nilipozaliwa nilimkuta ndani ya tangi lake la kioo, na nyumbani ikahesabika kwamba yeye ndiye mkubwa wangu.

Jina alilipata kwa ulaji wake. Chura wa aina ile hana ulimi. Chakula anakisukumia mdomoni kwa mikono, na wake wa kulia ulikuwa unapanda mpaka karibu na jicho, mpaka ungeapa kwamba anakupigia saluti. Mama, mtu wa maabara, alijua fika kwamba yule ni jike, lakini alisema cheo ni cheo. Sisi ni Waislamu wa Mbale, nyumbani tunasema Kiswahili, na watoto wa jirani walitucheka kwamba tunaongea kama tuko kambini kwa askari. Wakija kumtazama chura walisimama wima mlangoni wakipiga kelele, "Jambo, afande!" Wazee wao hawakucheka. Wakilisikia neno lile walitazama pembeni, na mimi sikujua kwa nini mpaka nilipokuwa mtu mzima: kwao lilikuwa neno la askari waliovunja milango usiku.

Baba msiniulize, hata sisi tulishaacha kuuliza. Shule ilipopunguza watumishi, Mama alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Akahangaika miezi kadhaa, kisha akapata mtu wa kumpeleka Uarabuni kufanya kazi za ndani. Mimi nikapangiwa kwenda Bugembe, nje kidogo ya Jinja, kwa Mama Mdogo Zaina, mdogo wake. Afande naye akapangiwa huko huko.

Siku ya kuondoka nililia mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa nimelishika gauni la Mama kwa mikono yote miwili, hatembei, hakai. Akanivuta hadi kwenye tangi, akaniwekea kipande cha ini kiganjani, akasema nimpe Afande. Afande akala, mkono ukapanda, saluti. "Umeona?" Mama akasema. "Afande akila, jua na mimi huko nimekula. Yeye akishiba, mimi nimeshiba. Basi usiwe na wasiwasi juu yangu. Wewe mtunze huyu tu mpaka nirudi."

Yalikuwa maneno ya kumnyamazisha mtoto, na kila mzazi ana yake. Lakini mimi niliyapokea kama yalivyo, neno kwa neno. Sahani ya Mama huko aliko ilikuwa mikononi mwangu. Nikaacha kulia papo hapo, kwa sababu nilikuwa na kazi.

Mama Mdogo alikuwa na kibanda cha chapati kando ya barabara kuu, pale malori ya Kenya yanaposimama. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo, na hakuwa na haja yoyote na chura. "Dada yangu ananiachia mtoto na shetani," aliwaambia madereva. Tangi akalipa pembe ya chumba cha nyuma, mbali na magunia yake ya unga. Nikamweleza masharti yote. Maji ya bomba yasimwagwe humo moja kwa moja, yana dawa. Lazima yalale kwenye ndoo siku mbili ndipo atiliwe. Kifuniko cha waya kiwekewe jiwe. "Kumbe anaishi vizuri kuliko mimi," akasema Mama Mdogo.

Mama alipiga simu kila Ijumaa. Mama Mdogo alizungumza kwanza, kisha akaniwekea simu sikioni huku mkono wake mweupe kwa unga ukiwa bado umeishika, kana kwamba ningeimeza. Zilikuwa dakika mbili tu. "Umekula?" Mama aliuliza. "Nimekula." "Afande?" "Amekula. Na wewe?" "Nimekula, mwanangu, nimeshiba." Nilijua. Nilikuwa nimehakikisha mwenyewe Alhamisi.

Mwaka wa kwanza ukapita hivyo, na kwa kweli nilijiona mtu mkubwa. Halafu Alhamisi moja Afande akakiacha kipande. Kilishuka mbele ya pua yake kikalala chini ya tangi, yeye akabaki anaelea, mikono ameitanua. Nikangoja. Nikakitoa, nikakirudisha. Nikagonga kioo. Mpaka kesho yake kipande kilikuwa kimegeuka cheupe, na simu ikaita. "Afande?" "Amekula," nikasema. Ulikuwa uwongo wa kwanza. Nilipomuuliza Mama kama na yeye amekula, akauliza kwanza shule inaendaje, ndipo akasema ameshiba.

Kuanzia hapo sikutulia tena. Shuleni nilikuwa nakaa upande mmoja wa benchi, mguu mmoja nje. Mchana nilikimbia nyumbani kumwangalia, nikakimbia kurudi. Nilimletea nyungunyungu niliowafukua nyuma ya choo cha jirani. Nilimletea kumbikumbi msimu wao ulipofika, nikawang'oa mbawa mmoja mmoja. Nilimletea dagaa, ambao kwetu tunawaita mukene, nikawaloweka ili chumvi itoke. Wiki hii alikula vipande viwili, inayofuata kimoja, halafu hakuna. Nikaona labda ni uchafu unaomkinaisha, nikaanza kubadilisha maji kila siku, siku nyingine asubuhi na jioni. Nani angengoja maji yalale siku mbili na mama yake ana njaa? Niliyatoa bombani yakiwa bado yananuka dawa. Siku moja nikakuta ngozi yake inavuka kama karatasi laini, inaelea imemzunguka, na nikapiga yowe lililomtoa Mama Mdogo kibandani na mwiko mkononi. Ngozi ya chura yule huvuka, ni kawaida, na Mama aliwahi kunionyesha. Siku hiyo nilikuwa nimesahau kila nilichofundishwa.

"Mtoto huyu ana siafu ndani ya nguo," Mama Mdogo akasema. "Kaa chini! Hata chura anachoka kukuona!" Lakini yeye ndiye aliyenipeleka kwa Sardarji. Alikuwa Kalasinga mzee, mwenye duka la jumla mjini Jinja ambako Mama Mdogo alinunua unga na mafuta, na juu ya kaunta yake kulikuwa na tangi la samaki wekundu lenye taa. Mtu mwenye samaki hai dukani, Mama Mdogo alisema, lazima anajua jambo. Tukampelekea Afande ndani ya ndoo yenye kifuniko.

Sardarji hakufurahi kuletewa chura juu ya kaunta. Akavaa miwani, akatazama ndani ya ndoo, akapitisha kidole mbele ya macho ya Afande. Afande hakushtuka.

"Nani nabadilisha maji?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Kila siku," nikasema kwa fahari. "Siku nyingine mara mbili."

"Basi wewe nasumbua yeye. Kila siku nahamisha nyumba yake. Wewe, mtu nahamisha nyumba yako kila siku, taweza kula?"

Nilitazama viatu vyangu. Mama Mdogo akakohoa na kujifanya anasoma bei ya mafuta.

"Hii hapana gonjwa," Sardarji akasema, sasa kwa upole kidogo. "Hii zee tu. Macho imekwisha. Punguza maji, asipande mbali kutafuta hewa. Weka nyama karibu na pua yake. Halafu kaa. Kaa kimya."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yeye taka. Kama hapana taka, basi. Mimi pia, zamani chapati nne, sasa moja."

Kukaa kimya! Mimi! Lakini nilijaribu. Nilikalia mikono yangu ili isiguse kioo. Siku ya tatu Afande akanusa, akapapasa, akakisukumia kipande mdomoni, na mkono wake ukapanda nusu, haukufika kwenye jicho. Nikacheza chumba kizima. Ijumaa ile nilimwambia Mama "amekula" na ilikuwa kweli, na nililala kama watoto wenzangu.

Haikudumu. Mvua kubwa zilipoanza, Afande alikoma kabisa. Na Ijumaa ikaja, simu haikuita. Mama Mdogo alipiga, hakupatikana. Ijumaa ya pili, kimya. Mama Mdogo akaacha kutaniana na madereva. Nilimsikia akinong'ona na mwanamke wa jirani, na yule mwanamke akisema, "Bambi, bambi, maskini," kwa sauti ile ya msibani. Nikijitokeza mlangoni walianza kuzungumzia bei ya unga. Hakuna aliyeniambia kitu, na sikuuliza. Ningeuliza ya nini? Nilijua sababu. Ilikuwa inaelea chumba cha nyuma na mikono imetanuka, na wa kulaumiwa ni mimi.

Jumatatu moja baada ya shule nikamtoa majini. Nilimshika kwa mkono wa kushoto, utelezi mtupu, nikajaribu kumfungua mdomo kwa kijiti cha ufagio na kumsukumia ini. Alipiga teke, kucha zake zikanichana kifundo cha mkono, damu ikatoka, sikumwachia. "Kula," nilikuwa namwambia. "Kula, kula, mbwa wewe, kula!" Mama Mdogo akaingia. Alinizaba kofi moja, akamchukua Afande kwa aproni yake, yeye asiyetaka hata kumtazama, akamrudisha majini. Kisha akaketi juu ya gunia la unga akalia. Nilifikiri analia kwa ajili ya chura.

Wiki iliyofuata simu iliita, lakini hakuwa Mama. Ni mtu aliyesema Mama anarudishwa. Mama Mdogo akafunga kibanda, akaenda uwanja wa ndege Entebbe, na siku ya pili yake mchana wakashuka mbele ya nyumba. Nilikuwa nimeshajipanga kukimbia nimrukie. Nikasimama. Buibui lilikuwa linaning'inia kama bado liko kwenye msumari. Shingo ilikuwa ndefu. Alinikumbatia na mifupa yake ikaniuma kifuani, na nikawa na hofu ya kumbana.

Mama Mdogo alikuwa amepika pilau, amechinja kuku na kukaanga maini pia. Tukaketi mkekani. Mama akatia tonge moja, la pili, akasukuma sahani polepole kwa ncha ya kidole.

"Ule, dada," Mama Mdogo akasema.

"Nimekula. Nimeshiba."

Ni yale maneno ya Ijumaa. Nilisimama kwa ghafla hata jagi la maji likapinduka.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi niliyekufanya hivi."

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Afande hajala. Siku nyingi hajala. Nilikuwa nakudanganya kwenye simu. Nilikuwa nasema amekula na hajala, na wewe ukawa huli, ni mimi, nilibadilisha maji hayajalala, nilijaribu na kijiti, amekataa, Mama, amekataa..."

"Mtoto anasema nini?" Mama Mdogo akauliza. Mama alikuwa ananitazama, na nikaona jinsi maneno yake mwenyewe ya siku ya kuondoka yanavyomrudia usoni, taratibu, moja baada ya jingine. Akafunika mdomo kwa kiganja. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Uchungu wa mzazi mwana naye anaujua, ila hana pa kuupeleka.

Akainuka. Akachukua sahani yake, akaenda chumba cha nyuma, akaketi sakafuni mbele ya tangi, miguu ameikunja. Akapiga sakafu kwa mkono nikae karibu yake.

"Afande amekula leo?"

"Hajala."

"Jana?"

"Hajala."

"Haya. Mtazame yeye, halafu nitazame mimi."

Akaanza kula. Alitia tonge, akatafuna muda mrefu, akameza kwa kuinua kidevu. Akatia jingine. Afande alikuwa chini ya maji yale machache, hatikisiki, koo tu linapiga. Mama akala pilau, akala maini, akala paja la kuku. Jasho lilimtoka juu ya mdomo akalifuta kwa bega. Katikati alitua, akafumba macho, nikadhani amemaliza, lakini akaendelea. "Yeye hajala," akasema. "Mimi nakula. Umeona?"

"Nimeona."

"Basi hayahusiani. Hayajawahi kuhusiana hata siku moja. Nilisema vile ili unyamaze. Kosa ni langu, siyo lako. Sema."

"Siyo langu."

Alikula mpaka punje ya mwisho, akanionyesha sahani. Kitu kizito kilichokuwa kimenikalia miezi yote ile kiliondoka, nikaanza kulia kwa raha kabisa. Mama akanibusu utosini, akainuka akisema anakwenda kunawa. Nikasikia bomba la uani likifunguliwa, likiachwa limwagike kwa nguvu muda mrefu. Chini ya sauti ya maji nikamsikia anatapika. Anatapika, anapumzika, anatapika tena. Aliporudi uso wake ulikuwa umeoshwa na anatabasamu, na mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilijua kunyamaza.

Mengine niliyasikia ukubwani, vipande vipande. Katika nyumba ile Mama alikuwa anakula yaliyobaki kwenye sahani za watoto, siku ambazo yalibaki. Wiki za mwisho walimfungia chumbani na kumnyang'anya simu, akaishi kwa chai na mkate mpaka tumbo likasahau kazi yake. Na kila Ijumaa kabla ya hapo alikuwa ameniambia ameshiba. Tulikuwa waongo wawili kwenye simu moja.

Afande alikufa siku nne baadaye, kwa uzee, kama Sardarji alivyosema. Mama, aliyewahi kupanga sijui vyura wangapi juu ya mbao za kupasulia, alimfunga kwa kitambaa safi tukamzika nyuma ya kibanda. Mama Mdogo alisimama pembeni na mwiko wake, na nadhani alisikitika kuliko alivyotaka tujue.

Sasa Mama yuko Mbale, nyumba ile ile, na ni mzee. Wiki mbili zilizopita jirani yake alinipigia. Anasema sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Nikampigia Mama. "Umekula?" "Nimekula, mwanangu, nimeshiba." Wiki nzima nilizunguka ndani ya nyumba yangu kama kuku mwenye yai, naanza hili, naacha lile, mpaka siku ile ya bucha. Nilichukua mfuko wa maini, sikupita hata nyumbani kubadilisha viatu, nikapanda basi la Mbale.

Nikayakaanga kwa vitunguu. Nikamwekea Mama sahani, nikaanza kuhangaika. Labda chumvi haitoshi, labda mto uko vibaya, labda dirisha lifungwe. Nilimbadilishia maji ya kunywa mara mbili.

"Hebu kaa," akasema. "Unanichosha."

Nikakaa. Mimi sili maini, tangu utotoni siwezi hata harufu. Nikavuta sahani, nikatia kipande mdomoni, nikatafuna, nikameza. Nikatia kingine. Macho yakanitoka machozi, nikaendelea. Mama alinitazama, na alijua vizuri sana ninafanya nini na nilijifunza kwa nani.

Akanyoosha mkono akachukua kipande kidogo kabisa, cha ukubwa wa punje ya haragwe, akakitia mdomoni. Alipokimeza, mkono wake wa kulia ulipanda mpaka karibu na jicho.

Nikamkatia kingine.